Mota ya Umeme kwa Boti Ndogo ya Uvuvi: Uzito, Upepo na Betri Kabla ya Mota

Mota ya umeme ya kurambazia ni mtambo mdogo wa kusukumia boti unaotumia betri badala ya petroli, nao umekusudiwa mwendo wa polepole, yaani ule mwendo wa kilomita 3 hadi 6 kwa saa ambao mvuvi huuhitaji anapokokota mshipi wenye chambo, anapoambaa kando ya mafunjo, au anapotaka boti isiondoke mahali penye samaki ingawa upepo unaisukuma. Umbo lake ni rahisi kulielewa: juu kuna kichwa chenye mkono wa kuongozea, katikati kuna mhimili mrefu unaoshuka majini, na chini kabisa kuna ganda lenye mota ndani yake, ambayo huizungusha rafadha moja kwa moja. Hapo ndipo inapotofautiana na injini ya kupachika ya petroli, ambayo mashine yake hukaa juu ya maji na nguvu yake huteremshwa chini kwa fito na giya. Mota ya umeme hufanya kazi ikiwa imezama, hupozwa na maji yanayoizunguka, na kwa kuwa hakuna mafuta yanayolipuka ndani yake, haitoi ngurumo wala moshi.

Wanunuzi wengi huanza kwa kutazama namba kubwa iliyoandikwa kwenye boksi la mota, wakiamini kwamba namba ikizidi basi boti itakimbia zaidi. Imani hiyo ndiyo chanzo cha hasara nyingi, kwa sababu mota ya aina hii haiuzi mbio. Inachouza ni uwezo wa kwenda polepole kwa utulivu kwa muda wa saa nyingi, na muda huo haumo ndani ya mota bali ndani ya betri. Kwa hiyo anayetaka kuchagua vizuri hana budi kuufuata mpangilio ulio kinyume na ule wa dukani: aanze na uzito wa boti, afuatishe upepo wa maji anayovua, apige hesabu ya betri, na mota yenyewe aiamue mwishoni.

Asili ya mtambo huu

Wazo la kuisukuma boti kwa umeme ni la zamani kuliko injini ya kupachika ya petroli. Mwaka 1881 mvumbuzi Mfaransa Gustave Trouvé aliendesha katika Mto Seine, jijini Paris, boti iliyosukumwa na mota ya umeme iliyoweza kuondolewa na kurudishwa, miaka mingi kabla ya injini za petroli za kupachika kuenea. Hata hivyo, mota ya mvuvi kama inavyojulikana leo ilizaliwa Marekani mwaka 1934 katika mji wa Fargo, North Dakota, pale O. G. Schmidt alipochukua mota ya kuwashia injini ya gari la Ford Model A na kuiunganisha na rafadha. Kampuni iliyotokana na kazi hiyo iliitwa Minn Kota, jina lililounganishwa kutokana na majimbo jirani ya Minnesota na North Dakota.

Asili hiyo ina maana kwa mnunuzi wa leo, kwa sababu mota hizi zilibuniwa kwa ajili ya maziwa madogo, ambako mvuvi hakai mbali na nchi kavu, na kwa ajili ya samaki wanaokaa karibu na majani na magogo, hasa besi wa mdomo mpana, ambaye kwa jina la kisayansi huitwa Micropterus salmoides. Kwa Afrika Mashariki, Ziwa Naivasha nchini Kenya ndilo linalokaribiana zaidi na mazingira hayo, kwani ni ziwa la maji baridi lenye kingo za mafunjo, lililoko takriban mita 1,890 juu ya usawa wa bahari, na besi huyohuyo aliletwa humo kutoka Amerika mwishoni mwa miaka ya 1920 ili avuliwe kwa ndoano. Ziwa Victoria, Ziwa Tanganyika na bahari ya pwani ni mambo mengine kabisa, maana huko mawimbi ni makubwa, umbali ni mrefu, na mota iliyotosha Naivasha inaweza kumwacha mvuvi katikati ya maji.

Uzito wa boti na maana ya msukumo

Namba inayoandikwa kwenye boksi la mota hutaja msukumo, yaani nguvu ambayo rafadha huitumia kuyasukuma maji nyuma ili boti iende mbele, na hupimwa kwa ratili, ambazo watengenezaji huziandika kwa herufi lb. Ratili moja ya msukumo ni sawa na nguvu ya kuinulia takriban kilo 0.45, hivyo mota ya ratili 40 husukuma kwa nguvu inayokaribia kilo 18. Ni muhimu kufahamu kwamba kipimo hiki huchukuliwa mtambo ukiwa umefungwa mahali pamoja bila kusonga, na kwamba boti inapoanza kwenda msukumo halisi hupungua, kwa sababu rafadha hukutana na maji ambayo tayari yanapita kuelekea nyuma.

Kanuni inayotumiwa na watengenezaji na wavuvi ni kuwa na ratili 2 za msukumo kwa kila ratili 100 za uzito, yaani msukumo usiopungua asilimia 2 ya uzito wote wa boti ikiwa imepakiwa. Maneno "ikiwa imepakiwa" ndiyo yanayosahauliwa mara nyingi. Boti ya faiba yenye urefu wa mita 4.5 inaweza kuwa na uzito wa kilo 250 ikiwa tupu, lakini wakiingia watu wawili wenye kilo 150 kwa jumla, ikafungwa injini ya petroli ya kilo 40 hivi, ikaongezwa betri, nanga, tangi la mafuta, barafu, vifaa na samaki waliovuliwa, jumla hufikia kilo 600 kwa urahisi. Asilimia 2 ya kilo 600 ni kilo 12, sawa na ratili 26 au 27, na hicho ndicho kiwango cha chini kabisa kinachoifaa boti hiyo katika maji yaliyotulia.

Boti ya mbao yenye ukubwa huohuo huhitaji zaidi, kwa kuwa mbao zilizonyonya maji huongeza uzito. Mtumbwi mwembamba, kwa upande wake, hukata maji bila taabu na huweza kutosheka na mota ndogo ya ratili 30. Asiyejua uzito wa boti yake hana sababu ya kukisia kwa kuridhisha moyo. Akadirie juu kidogo, kwa maana ratili chache za ziada humgharimu fedha kidogo, ilhali upungufu hugunduliwa akiwa tayari majini.

Upepo, ambao boksi haliutaji

Kanuni ya asilimia 2 huhesabu uzito tu, wakati ambapo mpinzani mkubwa wa mota ndogo ni upepo. Nguvu ya upepo juu ya boti hutegemea eneo linalopigwa na kasi ya upepo wenyewe, na jambo la kuzingatiwa ni kwamba kasi ikiongezeka maradufu nguvu huongezeka mara nne. Upepo wa kilomita 30 kwa saa ukiipiga boti na watu waliomo kwenye eneo la mita mraba 2 husukuma kwa nguvu ya takriban kilo 7, ambayo ni ratili 15 hivi; upepo huohuo ukifika kilomita 45 kwa saa, nguvu hiyo hupanda hadi karibu ratili 35. Mota ya ratili 30, ambayo kwa uzito ilionekana kutosha, huwa imeshindwa hata kabla ya mvuvi kufikiria kusonga mbele.

Wavuvi wa maziwa makubwa wanafahamu kwamba asubuhi maji huweza kuwa shwari na alasiri yakachafuka, kwa kuwa jua hupasha nchi kavu moto haraka kuliko ziwa na kuuvuta upepo kutoka majini. Maana yake ni kwamba safari ya kurudi mara nyingi hufanyika wakati upepo umeamka na betri imepungua. Kwa boti ya kilo 600 iliyotajwa hapo juu, msukumo wa ratili 40 hadi 45 ni chaguo la busara katika ziwa dogo, na ratili 55 zina sababu yake pale ambapo upepo ni wa kila siku.

Kwa nini msukumo mkubwa haumaanishi mbio

Mota ya ratili 55 hutumia umeme wa takriban wati 600 inapofunguliwa mpaka mwisho. Nguvu ya farasi moja ni wati 746, na hivyo mota hiyo haifikii hata nguvu ya farasi moja, ilhali injini za petroli zinazotumiwa na wavuvi wengi wa Ziwa Victoria zina nguvu ya farasi 15. Zaidi ya hayo, rafadha yake imepinda kwa pembe inayofaa mwendo wa polepole, hivyo boti ndogo haivuki kilomita 6 au 7 kwa saa hata ikifungiwa mota kubwa zaidi. Ratili za ziada humpa mvuvi uwezo wa kuusimamisha upepo na kuendesha boti nzito, lakini hazimfikishi haraka.

Sababu nyingine imo katika tabia ya maji yenyewe. Kwa boti inayokwenda ikiwa imekaa majini bila kuinuka, nguvu inayohitajika hupanda kwa kiasi cha mara nane hivi kila kasi inapoongezeka maradufu. Kanuni hiyo ikisomwa kinyume humfurahisha mvuvi, kwa kuwa anayepunguza mwendo kwa nusu hubakiwa na mahitaji ya nguvu yanayokaribia moja ya nane, na betri ambayo ingeisha kwa saa 2 humtumikia kutwa. Mota ya kurambazia ina faida kwa sababu hiyo. Anayeitumia kwa mbio anaitumia mahali inapopoteza zaidi. Mwenye nia ya kuiacha petroli kabisa anapaswa kutafuta aina nyingine, yaani injini za umeme za kupachika zenye nguvu kubwa, kama zile za kampuni ya Torqeedo iliyoanzishwa Ujerumani mwaka 2005, ambazo bei na betri zake ni za daraja tofauti.

Njia ya kupunguza mwendo nayo hutofautiana baina ya mota. Zile za bei nafuu zina hatua tano za mbele na mbili au tatu za nyuma, na hupunguza mwendo kwa kuupitisha umeme katika nyaya za ukinzani, ambamo sehemu ya umeme hugeuka joto bure. Zile za bei ya juu zina kidhibiti cha kielektroniki kinachoukata na kuuunganisha umeme maelfu ya mara kwa sekunde, kiasi kwamba mota hupokea kile tu inachokihitaji, na mvuvi anaweza kuchagua kasi yoyote badala ya kuruka kutoka hatua moja hadi nyingine. Kwa mtu anayevua karibu wakati wote katika mwendo mdogo, kidhibiti hicho hurudisha gharama yake kwa kuiwezesha betri ndogo kufanya kazi ya betri kubwa.

Betri, ambayo ndiyo tangi la mafuta

Mota nyingi zisizozidi ratili 55 hutumia volti 12, zile za ratili 70 hadi 80 hutumia volti 24, yaani betri mbili zilizoungwa kwa mfululizo, na zile za ratili 100 na zaidi hutumia volti 36, yaani betri tatu. Kwa boti ndogo ya uvuvi volti 12 hutosha. Kwa makadirio ya haraka, mota ya volti 12 inapofunguliwa mpaka mwisho hula takriban amperi 1 kwa kila ratili ya msukumo, hivyo mota ya ratili 45 hula kama amperi 45, na amperi ni kipimo cha wingi wa umeme unaopita katika waya.

Uwezo wa betri kuhifadhi umeme hupimwa kwa amperi-saa, ambazo huandikwa Ah. Betri ya amperi-saa 100 kwa nadharia hutoa amperi 10 kwa saa 10, lakini si betri zote zinazoruhusu umeme wake wote utumike. Betri ya gari imetengenezwa kutoa umeme mwingi kwa sekunde chache za kuwasha injini na kisha kujazwa papo hapo, na ikifanyishwa kazi ya kuishiwa taratibu kila siku, mabamba yake membamba ya risasi huharibika katika muda mfupi. Inayofaa ni ile ya mabamba mazito inayovumilia kuishiwa na kujazwa mara nyingi, ambayo katika maduka mengi ya Afrika Mashariki hufahamika kama betri ya sola, iwe ya maji au betri kavu. Hata hiyo haipaswi kutumiwa chini ya nusu ya uwezo wake, kwa hiyo betri ya risasi ya amperi-saa 100 ihesabiwe kuwa na 50 tu. Ikikaa kwa kupumzika bila kazi, betri ya risasi iliyojaa huonyesha takriban volti 12.7, na inapofika karibu volti 12.1 nusu yake imekwisha.

Betri za lithiamu, na hasa zile za lithiamu, chuma na fosfeti, huruhusu asilimia 80 hadi 90 ya umeme wake utumike, zina uzito usiofikia nusu ya ule wa betri za risasi, na hustahimili kujazwa na kuishiwa zaidi ya mara 2,000, wakati betri nzuri ya risasi huchoka baada ya mara mia kadhaa. Bei yake ya mwanzo ni kubwa, na zina mambo mawili yanayohitaji uangalifu. La kwanza ni kwamba ndani yake mna kifaa cha ulinzi kinachoweka kikomo cha amperi zinazoweza kutoka. Betri yenye kikomo cha amperi 50 itajizima ghafla ikifungiwa mota inayokula amperi 50, na kwa hiyo kikomo cha amperi 100 ndicho salama. La pili ni kwamba volti za lithiamu hazishuki taratibu kama za risasi, bali hukaa karibu palepale hadi umeme unapokaribia kwisha, hivyo mvuvi anahitaji mita inayohesabu amperi-saa zilizotoka badala ya mita ya volti pekee.

Hesabu yenyewe si ngumu. Mvuvi wa Naivasha anayekaa majini saa 6 anaweza kuitumia mota kwa saa 3 katika mwendo wa kurambaza unaokula amperi 15, jumla amperi-saa 45, kisha akapambana na upepo kwa nusu saa mota ikiwa imefunguliwa yote kwa amperi 45, jumla 22 na ushei. Mahitaji ya siku yanafika amperi-saa 67 au 68. Kwa betri ya risasi, ambayo nusu yake tu ndiyo inayotumika, uwezo unaotakiwa ni takriban amperi-saa 135, na kwa akiba ndogo ya tahadhari ni 150, ambazo zina uzito wa kilo 40 na zaidi. Kwa lithiamu, amperi-saa 100 zenye uzito wa kilo 11 hadi 13 hutosha. Tofauti ya karibu kilo 30 si ndogo katika boti ndogo, kwani huongeza mzigo ambao mota hiyohiyo italazimika kuusukuma.

Ukubwa ulioandikwa kwenye betri haustahili kuaminiwa bila kupimwa. Betri ya risasi yenye amperi-saa 100 za kweli huwa na uzito wa kilo 27 hadi 30, na ile inayodai namba hiyo huku ikiwa nyepesi sana haina risasi ya kutosha ndani yake, hivyo mizani ya dukani ni kipimo kizuri kuliko karatasi ya rangi.

Kuijaza betri nako kuingizwe katika mpango. Amperi-saa 67 za volti 12.8 ni takriban wati-saa 860. Paneli ya sola ya wati 100, katika siku yenye saa 5 za jua kali, na baada ya kutoa kinachopotea njiani, huleta wati-saa 350 hadi 400, kwa hiyo anayevua kila siku anahitaji paneli zenye jumla ya wati 250 hadi 300 pamoja na kidhibiti cha chaji kinacholingana na aina ya betri. Betri ya risasi ijazwe siku ileile iliyotumika, kwa kuwa ikiachwa tupu hujenga chumvi ngumu juu ya mabamba na kupoteza uwezo wake, na ijazwe mahali penye hewa, maana inapochajiwa hutoa gesi ya haidrojeni inayoweza kulipuka.

Waya na kikata umeme

Amperi 45 katika volti 12 ni umeme mwingi, na waya mwembamba huugeuza joto kabla haujafika kwenye mota. Waya wa shaba wenye unene wa milimita mraba 6, ukienda mita 4 na kurudi mita 4, hupoteza zaidi ya volti 1 kwa amperi 45, na mota iliyopaswa kupata volti 12 hupata 11 au pungufu, hivyo msukumo wake hupungua na waya huweza kupata moto. Waya wa milimita mraba 16 hupunguza hasara hiyo hadi kiasi cha theluthi moja. Karibu na ncha chanya ya betri kufungwe kikata umeme cha amperi 50 au 60, kwa kadiri inavyoagizwa na mtengenezaji wa mota, ili rafadha ikinaswa na umeme ukapanda ghafla, saketi ikatike kabla ya waya kuungua. Betri iwekwe katika sanduku lenye mfuniko, ifungwe isisogee, na kwa boti ambayo injini yake ya petroli huwashwa kwa umeme, betri ya kuwashia iwe mbali na ile ya mota ili moja ikiisha nyingine imrudishe mvuvi nyumbani.

Tezi au omo, na urefu wa mhimili

Mota hufungwa ama kwenye tezi, yaani nyuma ya boti, ama kwenye omo, yaani mbele. Ya tezi hubanwa kwa skrubu kwenye ubao wa nyuma, ni nafuu, huondolewa kwa dakika moja, na huongozwa kwa mkono. Inafaa boti ya mtu mmoja au wawili na pia mtumbwi, ambao ukiwa umechongoka pande zote mbili hufungiwa ubao wa kukingama ubavuni. Ya omo huhitaji bamba lililofungwa kwa bolti, na bei yake ni ya juu, lakini huitawala boti vizuri zaidi, kwa sababu huivuta boti ifuate mahali mota inapoelekea, ilhali ya nyuma huisukuma boti ambayo omo lake linaweza kuyumbishwa na upepo. Nyingi za mota za omo huongozwa kwa kanyagio la mguu, na mikono ya mvuvi hubaki huru kushika mshipi.

Miongoni mwa mota za omo zimo zinazotumia setilaiti za GPS kuisimamisha boti mahali pamoja, kwa kupima kila mara boti imesogea wapi na kuirudisha. Uwezo huo una thamani kubwa penye kina kirefu ambako kamba ya nanga haifiki chini, au penye mawe ambayo hunasa nanga, lakini hula umeme muda wote ambao upepo unavuma, na ni lazima uingizwe katika hesabu ya betri.

Urefu wa mhimili hupimwa boti ikiwa imepakiwa na ikiwa tupu, kutoka mahali mota itakapofungwa hadi kwenye uso wa maji. Kitovu cha rafadha kikae sentimita 30 hivi chini ya maji, kwani kikiwa juu zaidi rafadha hufyonza hewa, hupiga kelele na kupoteza msukumo, na kikiwa chini mno hugonga mawe. Kwa tezi iliyo sentimita 40 juu ya maji, mhimili wa sentimita 91, ambao madukani huandikwa inchi 36, ndio unaofaa. Kwa omo iongezwe sentimita 15 au zaidi, kwa sababu omo hupanda na kushuka kwa kila wimbi.

Maji, magugu na nyuzi

Magugu maji, ambayo yalienea katika Ziwa Victoria na Naivasha tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, huzonga rafadha ya kawaida kwa muda mfupi. Zipo rafadha zenye mabawa yaliyopinda nyuma, ambayo huyasukuma majani pembeni badala ya kuyazungusha, na mvuvi wa maeneo hayo azichague hata kama zinapunguza mwendo kidogo. Adui asiyeonekana zaidi ni uzi wa nailoni, kutoka kwenye mshipi au wavu uliokatika, ambao hujizungusha nyuma ya rafadha, hukata sili ya mpira iliyopo kwenye mhimili mdogo wa mota, na kuyaingiza maji ndani ya ganda. Kuiondoa rafadha kila baada ya wiki chache na kusafisha nyuma yake ni kazi ya dakika kumi inayookoa mota nzima. Pini ya rafadha, ambayo hukatika kwa makusudi inapogonga jiwe ili mota isivunjike, iwe na ya akiba ndani ya boti pamoja na spana yake.

Katika bahari, mota ya maji baridi haidumu. Chumvi hula ganda la alumini na viungo vya umeme, na kwa hiyo zipo mota za bahari zenye rangi maalumu, viungo vilivyofunikwa, na kipande cha zinki kinachokubali kuliwa na kutu badala ya ganda. Wavuvi wa pwani wasiokusudia kununua aina hiyo ni bora wasinunue kabisa. Mota ya bahari nayo huoshwa kwa maji baridi baada ya kila safari, na haiachwi majini boti inapolala.

Ukimya wa mota una faida kwa samaki wa maji ya kina kifupi, ambao hushtuliwa zaidi na mlio unaobadilikabadilika kuliko ule unaoendelea kwa utulivu, na hivyo kasi moja isiyopandishwa na kushushwa ovyo husaidia kuliko ukimya wenyewe. Katika Ziwa Naivasha, hata hivyo, ambako viboko ni wengi, boti isiyo na mlio inaweza kumkaribia mnyama huyo kabla hajaisikia, na hivyo kando ya mafunjo iendeshwe kwa tahadhari. Makasia na jaketi okozi havitolewi botini kwa sababu mota imenunuliwa.

Uamuzi wa mwisho

Mambo yote hayo yakiunganishwa, mmiliki wa boti ya mita 4.5 katika ziwa dogo hupata jibu linalofanana: mota ya volti 12 yenye ratili 40 hadi 45, kidhibiti cha kielektroniki ikiwa fedha zinaruhusu, mhimili wa sentimita 91 kwa tezi, waya wa milimita mraba 16, na betri ya lithiamu ya amperi-saa 100 au ya sola ya amperi-saa 150. Kwa betri hiyo ya lithiamu, mota ikifunguliwa yote, boti inaweza kwenda kilomita 9 hivi katika maji matulivu, umbali unaotosha ziwa dogo na usiotosha Ziwa Victoria, ambako injini ya petroli hubaki kuwa ya safari na ya umeme huwa ya kuvulia tu. Mwenye fedha chache azipunguze kwenye mota wala si kwenye betri, kwa sababu mota ya ratili 40 yenye betri ya kutosha hufanya kazi kutwa nzima, ilhali ya ratili 55 iliyofungwa kwenye betri kuukuu ya gari humrudisha mwenyewe kwa makasia kabla ya saa sita mchana.